Mkulima hupanda kile unachokula

Ndugu msomaji, Jumapili hii kabla chakula cha mchana hakijaandaliwa, hebu keti na jamaa yako mfanye hesabu ndogo. Hesabuni mimea yote mliyokula tangu Jumatatu iliyopita. Mkate wa asubuhi, chapati na mandazi, vyote ni mmea mmoja tu, nao ni ngano. Ugali na uji wa watoto ni mahindi. Githeri ni mahindi yale yale yakiwa na maharagwe. Ongezeni sukuma wiki, kabichi, viazi vya chipsi, mchele, kitunguu na nyanya. Labda na ndizi. Familia nyingi za mjini zitakwama papo hapo.

Kisha, iwapo Mungu angali amewaweka, waulizeni babu au bibi mzaa mama swali hilo hilo kuhusu utoto wao. Watawatajia mtama, wimbi, mawele, mihogo, nduma, viazi vikuu, mbaazi, njugu mawe na njahi. Wakifika kwenye mboga ndipo mtakapochoka kuandika, maana kila kabila lina orodha yake na kila mboga ina majina matano.

Ni nani aliyeifupisha orodha hiyo? Wapo wanaomlaumu mkulima kwamba ameacha mazao ya jadi. Wapo wanaoilaumu serikali, na wapo wanaoulaumu ukame. Wote wana sehemu ya ukweli. Lakini kuna mtu mmoja ambaye ni nadra kutajwa, naye ni mkazi wa jiji anayekula bila kulima. Mkulima si mjinga. Hupanda kile anachojua kitanunuliwa, na anayenunua ni wewe. Kwa hivyo chaguo unalofanya mbele ya kibanda cha mama mboga jioni ni amri inayofika hadi Kisii, Kiambu, Vihiga na Nyandarua, hata kama huijui njia ya kwenda huko.

MAHINDI YALIVYOTWAA JIKO

Mahindi, ambayo wengi wetu tunadhani yalianza na mababu zetu, asili yake ni Meksiko. Wareno ndio walioyaleta katika pwani yetu karne kadhaa zilizopita, lakini hayakulitawala jiko la Mkenya hadi karne ya 20. Wakati wa ukoloni, waajiri wengi waliwapa vibarua wao mgao wa unga wa mahindi meupe, mgao ulioitwa posho. Ndiyo maana hata leo kinu cha kusagia unga mtaani hukiita kinu cha posho. Mnamo 1964 watafiti wa Kitale waliwapa wakulima mbegu za mahindi chotara, na mavuno yakapanda upesi. Mtama na wimbi vikasukumwa kando.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mahindi yameilisha nchi hii na kusomesha watoto wa wakulima wengi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu. Hayana kosa. Kosa ni kuyategemea peke yake, kama mtu aliyefunga mbuzi, ng'ombe na punda wake wote kwenye kigingi kimoja.

Kigingi hicho kimetikisika zaidi ya mara moja. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yalisababisha sumu ya aflatoksini katika maeneo ya Ukambani. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mnamo 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana Bomet na ukaenea, mashamba yakakauka kabla ya kubeba. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika maeneo kame, na zaidi ya watu milioni 4 nchini wakahitaji msaada wa chakula. Katika mwaka huo wa 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, na mnamo Julai serikali ikatangaza ruzuku ya kuishusha hadi shilingi 100. Mkazi wa jiji asiye na shamba wala ghala alihisi ukame huo mfukoni mwake, ilhali mvua ilikuwa imekosekana mamia ya kilomita kutoka mlangoni pake.

Isitoshe, hata mahindi yenyewe hatuyali kama zamani. Unga mweupe laini tunaoupenda mjini ni ule uliokobolewa, yaani uliotolewa kiini na pumba, sehemu ambazo zina mafuta, vitamini na madini mengi ya punje. Tangu 2012 wasagaji wanatakiwa na sheria kuongeza vitamini na madini katika unga wa pakiti. Tafakari hilo kidogo, msomaji. Tunatoa kilicho kizuri, kisha tunakirudisha kwa kijiko, kwa sababu macho yetu yamezoea ugali mweupe.

CHIPSI ZILIZOKOSEKANA

Kuhusu mkate na chapati, hali ni ya wazi zaidi. Ngano inayolimwa Narok, Nakuru na Uasin Gishu haitoshelezi hata nusu ya mahitaji ya nchi. Iliyosalia huagizwa kutoka ng'ambo, na kiasi kikubwa kilikuwa kikitoka Urusi na Ukraine. Vita vilipozuka huko Februari 2022, bei ya mkate ilipanda Nairobi na Mombasa. Mtoto wa shule wa Umoja alijikuta akilipia risasi zilizofyatuliwa katika nchi ambayo hajaisoma hata kwenye ramani.

Lakini kisa kilichowachekesha na kuwaudhi Wakenya kwa pamoja kilikuwa cha Januari mwaka huo huo. Mikahawa ya KFC, ile ya Kimarekani inayouza kuku, iliishiwa na chipsi. Ilibainika kwamba viazi vyake havikuwa vya Kinangop wala Molo, bali vililetwa vikiwa vimekwisha kukatwa kutoka nje, na meli ilikuwa imechelewa. Wakati huo huo wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi tele. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake lazima wapitishwe kwanza katika ukaguzi wake wa ubora. Wananchi hawakuridhika, na wengi wakatishia kuisusia.

Ukikiangalia vizuri, kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba viazi ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, na bado mtu anaweza kuketi Nairobi akala viazi vya mbali bila kujua. La pili ni kwamba ghadhabu ya walaji ilisikika. Kampuni hiyo ilitangaza itatafuta wakulima wa humu nchini. Hakuna bunge lililopitisha sheria. Walaji waliuliza swali moja tu: viazi hivi vimetoka wapi?

MAGUGU YALIYOGEUKA MALI

Iwapo una shaka kwamba mlaji anaweza kugeuza shamba, tazama yaliyotokea kwa mboga za kienyeji.

Wanaokumbuka Nairobi ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 watakwambia kwamba managu, saga, mrenda na terere zilikuwa mboga za kununuliwa kwa siri. Mgeni akija, familia ilipika kabichi. Zilipatikana kwa akina mama wachache waliozitandaza chini, kwenye gunia, pembeni mwa soko. Ziliitwa chakula cha maskini. Hata vyuoni wanafunzi wa kilimo walifundishwa kabichi, karoti na spinachi, huku managu na mgagani vikiwekwa katika fungu la magugu ya kung'olewa.

Mmoja wa waliokataa hesabu hiyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kule Juja. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa vyakula kama maziwa, mayai na samaki, kwa hivyo alikua kwa mboga zilizopikwa nyumbani kwao magharibi mwa Kenya. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo, alianza kuzifanyia utafiti zile zile alizolelewa nazo. Alichunguza mbegu zake, kwa nini nyingi hazikuota vyema, zinahitaji mbolea gani, na zina lishe kiasi gani. Mnamo 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza tuzo ya sayansi iliyopewa jina la Kwame Nkrumah.

Kadhalika, katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa mimea katika Makavazi ya Taifa, wakishirikiana na watafiti wa mimea wa kimataifa, walianza kukusanya majina, mbegu na mapishi ya mboga za jadi. Miongoni mwao alikuwa Patrick Maundu, ambaye amefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Mnamo 2007 mradi mwingine ulianza, wa kuorodhesha vyakula vya Waisukha wa Kakamega na vya Wapokoti wa Baringo, wanafunzi wa shule wakitumwa kuwahoji wazee wao. Kazi hiyo ilitambuliwa Desemba 2021 na UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi.

Lakini utafiti peke yake haujazi soko. Madaktari nao walianza kuwashauri wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu wale mboga hizi. Magazeti na redio zikaandika na kutangaza. Mlaji akamuuliza mama mboga, mama mboga akamuuliza dalali, dalali akamuuliza mkulima. Kufikia mapema miaka ya 2000, maduka makubwa ya Nairobi yalikuwa yakiziuza zikiwa zimefungwa vizuri, kando ya spinachi. Wakulima wa Kiambu ambao hawakuwa na desturi ya kula saga wakaanza kuilima kwa ajili ya Nairobi. Leo hata hoteli za fahari huziandika katika orodha ya vyakula, na mkazi wa mjini huagiza ugali, samaki na managu bila kuangalia nyuma.

KWA NINI SHAMBA LINAFURAHI

Mazao haya yana faida kwa mlaji na kwa udongo pia.

Kabichi hukaa shambani takriban miezi mitatu. Terere huweza kuanza kuvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Kwa mkulima mwenye robo ekari na karo ya muhula ujao, tofauti hiyo ni kubwa. Kunde nayo ni jamii ya maharagwe, na mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Ikipandwa katikati ya mahindi, hupunguza haja ya mbolea ya dukani. Kunde na mgagani pia huvumilia ukavu kuliko kabichi. Nyingi ya mboga hizi hustawi kwa samadi. Na mkulima mwenye mboga nne shambani, ugonjwa ukiingia kwenye moja, bado ana tatu za kupeleka sokoni.

Jambo jingine ni mbegu. Mbegu za mboga hizi zimehifadhiwa na akina mama kwa vizazi vingi, zikifungwa kwenye vitambaa na kutundikwa jikoni juu ya moshi. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa kubadilishana mbegu za aina hiyo lilikuwa jambo la hatari kisheria. Sheria ya mbegu ilivyorekebishwa 2012 ilikataza kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazikusajiliwa, na adhabu ikawa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mnamo 2022 kundi la wakulima wadogo lilienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Jambo hilo linamhusu mkazi wa jiji pia, maana mbegu isipohifadhiwa na mtu yeyote kijijini, hakuna mama mboga atakayeweza kukuuzia mmea wake.

SI KILA JANI LA KIJANI NI SALAMA

Hapa, msomaji, yafaa tuwe waangalifu. Mboga kuitwa ya kienyeji hakuifanyi kuwa safi. Nairobi na miji mingine ina mashamba kandokando ya mito michafu na mabomba ya maji taka yaliyopasuka, na mboga zilimwazo huko hupendeza macho kwa ukijani. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka huondoa uchafu na vijidudu vilivyo juu ya jani. Lakini madini mazito kama risasi, yakiisha kunyonywa na mizizi, hayaondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

Kwa hivyo mzoee mama mboga mmoja. Muulize, “Mama, hizi umetoa wapi?” Muulize leo, na umuulize tena wiki ijayo. Muuzaji anayejua mteja wake ataulizia asili ya mboga naye ataanza kuulizia huko anakonunua, Marikiti au Kangemi. Kama hawezi kukueleza, nenda kwa mwingine.

Malalamiko mengine ya familia za mjini ni ya kweli kabisa. Mboga hizi huchukua muda kuchambua, na mama aliyetoka kazini saa moja jioni hana nguvu ya kukaa na fungu la saga. Isitoshe baadhi yake ni chungu na watoto huzikataa. Haya yana dawa yake.

Kuhusu kuchambua, ni nani aliyesema kazi hiyo ni ya mama peke yake? Baba na watoto wana vidole. Mboga za siku mbili au tatu huchambuliwa kwa nusu saa jamaa ikipiga gumzo. Ukimwomba mama mboga akukatie, kumbuka kuziosha kabla ya kukatwa, kwa kuwa mboga iliyokatwa ikioshwa hupoteza sehemu ya vitamini zake majini.

Kuhusu uchungu, mabibi zetu hawakula mboga chungu kwa kujitesa. Saga na managu hulazwa katika maziwa au malai, na utamu wake huongezeka zikipashwa moto siku ya pili. Uchungu wa managu hupungua ukichanganya na terere. Mrenda huandamana na kunde. Wengine hutia njugu karanga zilizosagwa. Usichemshe mboga muda mrefu kisha ukamwaga maji, maana hapo umemwaga lishe. Na mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nyingi kabla hajakizoea, kwa hivyo usikate tamaa akitema siku ya kwanza.

Kwa familia inayoogopa upungufu wa damu, yafaa ijue pia kwamba ndimu, chungwa au nyanya mbichi pamoja na mboga husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai ikinywewa pamoja na chakula hicho huyazuia. Subirini kidogo kabla ya kumimina chai.

KINACHOISHIA KWENYE PIPA

Hatuwezi kuzungumzia ulaji wa kisasa bila kufunua pipa la taka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba mnamo 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ya hicho kilitupwa na jamaa majumbani, wala si hotelini au dukani. Kwa wastani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka.

Chakula kinapotupwa, maji yaliyokinywesha, mbolea, mafuta ya lori na jasho la mkulima vyote vimetupwa pamoja nacho. Nasi wa mjini tuna desturi mpya ambazo wazee wetu wangeshangaa kuziona. Tunanunua vya wiki mbili kwa sababu kuna punguzo la bei. Tunapika sufuria kubwa kwa wageni ambao hawajathibitisha kwamba watakuja. Tunakataa nyanya yenye kovu dogo, nayo ikarudi kuozea sokoni. Kiporo, ambacho zamani kilikuwa kifungua kinywa halali, siku hizi watoto hukionea haya.

Wanafunzi mnaoishi hosteli mna yenu pia. Chipsi na soseji kila jioni si rahisi kama mnavyodhani. Wanne wakichanga na kununua fungu la kunde, mayai na unga usiokobolewa, watakula mara mbili kwa fedha ambazo kila mmoja angeziacha kibandani. Na vibanda vingi karibu na vyuo sasa hupika managu na terere. Mkiagiza watano kwa siku, mwenye kibanda atapika. Mkiwa hamuagizi, ataendelea kukaanga viazi.

SHAMBA NDANI YA GUNIA

Huenda unasema, “Mimi nakaa nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, nitalima wapi?” Wakazi wa Kibera walishalijibu swali hilo. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, bei za vyakula zilipanda na njia za kuvifikisha mtaani zikavurugika. Mnamo 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwasaidia wakazi kulima mboga ndani ya magunia, mlangoni mwa nyumba. Desturi hiyo imeenea katika mitaa mingi. Na tangu 2015 Nairobi ina sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.

Kazi yenyewe ni rahisi. Tafuta gunia imara na changanya udongo mafungu mawili kwa fungu moja la samadi iliyooza vizuri. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani ya mkebe na udongo kando yake. Vuta mkebe juu, ujaze tena, hadi ufike karibu na mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayosambaza maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni na upandikize miche ya sukuma wiki, spinachi au managu. Juu nyunyiza mbegu za terere. Mwagilia maji uliyooshea mchele au mboga, lakini si yenye sabuni. Maganda ya viazi na ndizi yaozeshe kwenye ndoo yenye matundu, nayo yatakuwa mbolea ya gunia lijalo.

Gunia moja halitailisha familia mwaka mzima. Lakini litampunguzia mama safari kadhaa za sokoni, na litamfunza mtoto wa jiji kwamba mboga haitoki kwenye jokofu. Mtoto aliyepanda terere kwa mkono wake ni vigumu kuikataa sahanini.

ANZA NA KIMOJA

Makala haya hayakuandikwa ili kukwambia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hakuna anayetaka urudi kusaga wimbi kwenye jiwe, wala uache chapati za Krismasi. Hata vyakula vya jadi vilibadilika kila mara biashara na safari zilipoleta vipya, na mahindi yenyewe ni ushahidi.

Kinachotakikana ni kipana kidogo zaidi ya sahani ya leo. Wiki hii, ongeza mmea mmoja tu ambao hamkula wiki iliyopita. Huenda ukawa uji wa wimbi badala ya wa mahindi. Huenda ikawa siku moja ya mihogo au viazi vitamu badala ya mkate, kwani hivyo havisubiri meli. Huenda ikawa mboga ambayo jirani yako wa kabila jingine anaijua nawe huijui. Muulize jinsi inavyopikwa, naye atafurahi kukuonyesha. Wiki ijayo ongezeni mwingine.

Ukifanya hivyo peke yako, hakuna kitakachobadilika ila afya ya nyumba yako, na hilo pekee linatosha. Lakini Nairobi ina mamilioni ya watu wanaokula kila jioni. Nyumba elfu moja zikimwomba mama mboga mihogo au mrenda, lori litageuka lilikokuwa likienda, na kule kijijini kuna mkulima atakayefungua kitambaa cha mbegu alichokuwa amekitundika miaka mingi akingoja mtu wa kumuuliza.

Haba na haba hujaza kibaba, msomaji. Kibaba chenyewe kiko mkononi mwako, na jioni hii utakwenda nacho sokoni.